Barua ya wazi kwa viongozi wa Mbeya na Songwe: vificho vya Lupa vinahitaji meza moja na saini moja

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya na Songwe. Wakuu wa Wilaya za Chunya na Songwe. Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri za wilaya hizo. Maafisa Madini Wakazi. Mameneja wa Wakala wa Barabara (TANROADS). Na Mhifadhi wa Shamba la Miti Kawetire.

YAH: MCHEZO WA JIOKASHI KATIKA MAGOFU YA MACHIMBO YA LUPA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika kwa ajili ya barabara moja na mchezo mmoja. Barabara ni ile inayotoka Mbeya mjini, inapanda Kawetire, inateremka hadi Chunya, kilomita 72, kisha inaendelea Makongolosi na kukunja kuelekea Saza na Mkwajuni. Mchezo unaitwa jiokashi. Vikikutana bila mwenye kusimamia, mtu atatumbukia shimoni. Vikikutana kwa utaratibu, vijiji vya njiani vitapata wageni wanaosimama, kutembea na kula, badala ya magari yanayopita na kuacha vumbi.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu anaficha kopo lenye daftari, anapima koodineti za mahali hapo na kuziweka kwenye mtandao wa wachezaji. Mwingine, awe Dar es Salaam au Ujerumani, anazichukua, anaendesha gari hadi karibu, anatembea akifuata simu, anatafuta. Akilipata kopo anaandika jina na tarehe, kisha analirudisha palepale. Kopo hilo tutaliita kificho. Vificho vilivyo hai duniani vimepita milioni 3.

Ulianza kwa sababu ya uamuzi wa serikali moja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, Marekani iliondoa upotoshaji iliokuwa imeuweka makusudi kwenye GPS ya raia, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mtu alipo, na kosa lililokuwa likifika mita 100 likashuka ghafla hadi mita chache. Tarehe 3 Mei, Mmarekani Dave Ulmer akaacha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, na kutangaza koodineti zake. Ndoo ile alikuwa ameifukia nusu ardhini. Leo kanuni za mchezo kwa kawaida zinakataza kuchimba ili kuficha kitu, na zinadai ruhusa ya mwenye ardhi. Shikeni hayo mawili, maana ndiyo yanayotuleta kwenu.

Lupa, eneo la dhahabu la Chunya na Songwe, inavutia wachezaji wa aina hii kuliko hata wanyama wa porini. Dhahabu ya huko ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na rashi, yaani mbio za watu kuikimbilia, ikapamba moto miaka ya 1930. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 ukiwa mlango wa kuingilia machimbo hayo, na ndege za London hadi Cape Town zilipoanza safari mwaka 1932, Mbeya ilikuwa kituo njiani. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, na katika miaka hiyo ni Geita tu iliyoizidi kwa dhahabu nchini. Dhahabu iliposhuka watu wakatawanyika, yakabaki majengo, misingi ya mitambo, vilima vya marudio, yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kuchenjuliwa, na mashimo. Mji wa namna hiyo, wenye kuta zisizo na paa na historia isiyo na kibao, ndio mchezaji wa jiokashi anaoutafuta kwenye ramani. Atakuja. Swali ni kama atakuta mtu wa kumwongoza.

Ombi letu kuu ni fupi. Wekeni meza moja, mahali pamoja, inayojulikana, ya kupokea maombi ya vificho kwenye njia hii, yenye daftari moja na saini moja inayotambuliwa na ofisi zote tulizozitaja hapo juu. Na ndani ya magofu na maeneo ya machimbo ya zamani, meza hiyo isiruhusu kopo hata moja.

Tuanze na hilo la pili, kwa kuwa linagusa uhai.

Wachimbaji wetu huliita shimo la wima duara. Duara likiwa linafanya kazi lina matimba (mbao za kushikilia kuta), kamba, na mtu mdomoni anayejua nani yuko chini. Duara lililoachwa halina chochote kati ya hivyo. Matimba yanaoza, mvua inakula mdomo, na udongo wa pembeni unabaki kama paa jembamba lililoshikiliwa na mizizi. Anayesimama mita mbili kutoka kwenye tundu anaweza kuwa amesimama juu ya tundu. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili nyasi hufunika kila kitu, na mengine hujaa maji yanayofanana na dimbwi la kawaida. Chini, hewa huwa haina oksijeni ya kutosha: mbao zinazooza na mwamba wenye salfaidi (madini yenye salfa) huila, na hakuna upepo wa kuleta nyingine. Mtu akishuka kumfuata mwenzake aliyeanguka, mara nyingi wanakuwa wawili wa kuopolewa.

Sasa mwekeni mchezaji hapo. Macho yake yako kwenye simu, na simu inamwonyesha mshale ulionyooka. Mshale haujui njia, haujui korongo, haujui duara. Ukiegesha gari mita 400 kutoka kwenye kificho, mshale utakupeleka mita 400 kwa mstari mmoja, kupita popote. Wageni wengi wamezoea nchi ambako mstari huo unapita kwenye bustani au msitu wenye njia. Huku Lupa unaweza kupita kati ya mashimo.

Ongezeni makosa ya vipimo. Simu nzuri chini ya anga wazi hukosea kama mita 5. Aliyeficha alikosea zake, anayetafuta anakosea zake, na akifika hapo simu inaposema umefika, huanza kuzunguka mzingo wa mita 20 akiinua mawe na kuchungulia kila upenyo. Hayo ni makosa ya kawaida ya mchezo, wala si ya mzembe. Yapo makubwa zaidi, na tunaomba maafisa watakaokaa kwenye meza hiyo wayajue kwa moyo.

La kwanza ni la kusoma. Mchezo unaandika koodineti kwa digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano S 08° 31.500′. Nukta tano hiyo ni nusu dakika, yaani sekunde 30. Mtu aliyezoea digrii, dakika na sekunde husoma dakika 31 na sekunde 50. Tofauti ni sekunde 20, na kwa kuwa sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31, mtu huyo yuko zaidi ya mita 600 kutoka mahali sahihi. Hajui kwamba amekosea, kwa sababu bado yuko porini lilelile, anaona magofu yaleyale, na simu inamwambia endelea.

La pili ni alama ya kutoa. Kwenye programu nyingine kusini huandikwa kwa kutoa, na mtu akiisahau, koodineti za Chunya zinamrusha hadi mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,800. Kosa hili halina madhara. Mtu analiona papo hapo. Kosa dogo ndilo linaloua.

La tatu linawahusu zaidi wapima na watu wa madini. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo wa zamani uitwao Arc 1960, na jiokashi inatumia WGS84, mfumo wa GPS. Ukichukua namba kutoka ramani ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadili, unahama karibu mita 300, kaskazini au kusini. Kwa hiyo mtu anayejitahidi kuwa makini, anayechora duara zote kutoka kwenye ramani ya zamani ili aziepuke, anaweza kuweka kificho chake katikati yake kabisa. Kila namba itakayoandikwa kwenye daftari la meza iwe na mfumo wake pembeni. Isiyo nao isipokelewe.

Ndiyo maana tunaomba mita 100 kutoka duara lolote, shimo la majaribio, au ukingo wa korongo la machimbo, na si kwa kificho peke yake bali kwa njia nzima ya kukifikia. Mita 50 zingeweza kutosha kwa mtu aliyepima vizuri na kusoma vizuri. Hatuwezi kutegemea kwamba wote watakuwa hivyo.

Kila kificho kitakachoruhusiwa kiwe na koodineti tatu: za maegesho, za mahali njia ya miguu inapoanzia, na za kificho chenyewe. Njia ikiwa na kona, iongezwe koodineti ya kona. Kabla ya saini, afisa wa kijiji au mtu aliyetumwa na meza atembee mzingo wote wa mita 100, kisha atembee pia mstari ulionyooka kutoka maegesho, maana wapo watakaoufuata hata wakikatazwa. Kama mstari huo si salama, kificho kihamishwe. Kibao pekee hakitoshi. Mtu anayetazama simu hasomi kibao.

Upimaji ufanywe hivi. Simu ishikwe usawa wa kifua, anga ikiwa wazi, programu iachwe dakika 5 kabla ya kuandika chochote. Namba ya kwanza iandikwe. Mpimaji aondoke hatua 50, arudi kwa upande mwingine, aandike ya pili, kisha ya tatu vivyo hivyo. Arudie siku nyingine, saa nyingine, kwa kuwa setilaiti zinahama. Namba zote zijumlishwe na kutafutiwa wastani. Zikipishana kwa zaidi ya mita 8, pahala hapo hapafai: kuna ukuta, jabali au miti mikubwa inayorudisha mawimbi na kuidanganya simu. Mahali pasipopimika pasifichwe kitu, hata pakipendeza vipi.

Sasa neno hazina. Waheshimiwa, hili mnalijua kuliko sisi. Katika nyanda hizi uvumi wa mali za Mjerumani haujawahi kufa. Watu wamechimba chini ya misingi ya majengo ya kikoloni, kwenye makaburi, chini ya miti mikubwa, wakitafuta rupia na masanduku. Kwamba machimbo mengi ya Lupa ni ya enzi ya Mwingereza hakumzuii mtu mwenye sururu. Uvumi haukagui miaka. Kurasa za kigeni huutambulisha mchezo huu kama utafutaji wa hazina. Neno hilo likitafsiriwa likatua karibu na gofu la Saza, pamoja na namba zinazoonyesha mahali hasa, halafu waonekane wageni watatu wakizunguka ukuta na simu mkononi, mjue wiki hiyohiyo ukuta utachimbuliwa. Hatumlaumu atakayechimba. Ameona kila dalili aliyofundishwa kuiamini.

Kwa hiyo tunaomba maneno hazina, mali na zawadi yasiandikwe popote: si kwenye kopo, si kwenye maelezo ya Kiswahili, si kwenye kibao cha kijiji. Katika nchi nyingine wachezaji huacha vitu vidogo vya kubadilishana, midoli, sarafu, beji. Huku tunaomba ndani mbaki daftari na penseli tu. Na juu ya kila kopo pabandikwe maandishi haya, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili kwanza: «Kopo hili ni la mchezo wa ramani. Ndani mna daftari na penseli tu, hakuna kitu cha thamani. Limewekwa kwa ruhusa ya halmashauri, kumbukumbu namba … Ukilikuta, lifunike uliache hapo. Likikutia shaka, ijulishe ofisi ya kijiji.» Nakala ya orodha nzima iwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kabla kopo la kwanza halijawekwa, ili taarifa ya kitu cha kutiliwa shaka ikija, askari aweze kufungua daftari kwanza.

Kuhusu kopo lenyewe, mazoea ya nje hayafai hapa. Wachezaji wengi wanapenda masanduku ya chuma ya risasi, yale ya jeshi yaliyotumika, kwa sababu hayaingizi maji. Huku sanduku la namna hiyo litaleta taharuki, na lina kasoro nyingine isiyofikiriwa na mgeni: watafuta dhahabu wa siku hizi wanatembea na ditekta, kifaa kinacholia kikipita juu ya chuma. Chuma chochote kilichofichwa kuanzia Chunya kwenda Matundasi na Makongolosi kitalia kwenye ditekta, na kitachimbuliwa pamoja na mita moja ya udongo kukizunguka. Tumieni plastiki. Kopo la chakula la nusu lita hadi lita moja, linaloonyesha ndani, lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pande nne, lisilo na hata skrubu. Mpira huo ndio unaokufa kwanza; mchanga unaingia, mfuniko haukazi, daftari linavimba. Uwe unafutwa na kubadilishwa kila mwaka. Daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, na liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino unatapakaa ukipata unyevu. Chakula, sabuni na mshumaa visiwekwe: nyani na panya wataling'ata kopo kwa ajili ya harufu tu. Lisikae kwenye kichuguu wala kugusa gogo, maana mchwa wataingia kwenye karatasi kupitia upenyo msioamini.

Moto ni suala lake. Kuanzia Agosti hadi Oktoba pori la miombo huungua, na kopo la plastiki lililo kwenye nyasi hubaki bonge jeusi. Liwekwe kwenye upenyo wa mawe, na nyasi zifyekwe mita 2 kulizunguka. Kwa nini tusitumie chuma kwa sababu ya moto? Kwa sababu kopo likiungua tunapoteza kopo. Likichimbuliwa tunapoteza mahali.

Tukirudi kwenye meza. Kanuni za mchezo zinasema vificho vya makopo viwe angalau mita 161 kutoka kimoja hadi kingine, kila kimoja kiwe na mwenye kukitunza anayeweza kukifikia, na mkaguzi wa mtandao anaweza kumuuliza mwombaji: umeruhusiwa na nani? Swali hilo la mwisho ndilo ufunguo wenu. Anayetaka kuweka kificho kwa haki kati ya Mbeya na Saza anapita ardhi za watu watano. Mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara ni hifadhi ya barabara, hiyo ni ya TANROADS. Kawetire ni shamba la miti la TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Baada ya hapo ni ardhi ya kijiji, na serikali ya kijiji ndiyo mwenye neno. Juu ya ardhi hiyohiyo kuna leseni za uchimbaji, kubwa na ndogo, na mwenye leseni ana haki zake hata kama panaonekana pametelekezwa. Na Chunya ni Mkoa wa Mbeya, ilhali Saza, tangu Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, iko upande wa pili wa mpaka. Mtu mwema atagonga milango mitano na kuchoka. Asiye na subira ataweka usiku, aseme mtandaoni kwamba ameruhusiwa, na mkaguzi aliye nchi nyingine hatakuwa na njia ya kujua.

Meza moja inamaliza hilo. Tunapendekeza ikae Ofisi ya Maliasili na Utalii ya Halmashauri ya Wilaya ya Chunya, kwa makubaliano ya maandishi na Songwe. Fomu iwe ukurasa mmoja: koodineti na mfumo wake, picha nne kuelekea pande nne, jina la kijiji na mhuri wa mtendaji, uthibitisho wa Afisa Madini Mkazi kwamba hapana leseni hai au kwamba mwenye leseni amekubali, na jina la mtunzaji anayeishi wilayani. Jibu litoke ndani ya siku 30. Kama kuna ada, ilipwe kwa kontroli namba na sehemu yake irudi kijijini. Ikiwa kubwa, watu watarudi kuweka usiku. Nakala ya Kiingereza ya kibali iwepo, kwa ajili ya mkaguzi. Mkishakuwa na fomu hiyo, waandikieni wenye mitandao ya mchezo kwamba kwenye wilaya hizi mbili hakuna kificho kinachoruhusiwa bila namba yake.

Ni muhimu kufanya hivyo mapema, kwa sababu koodineti zikishatoka hazirudi. Kificho kinaweza kusimamishwa au kufungwa mtandaoni, lakini walioshapakua wanabaki nazo kwenye simu, na wengi hupakua kabla ya safari kwa kuwa mtandao wa simu hupotea porini. Tumeona watu wakidhani kufunga ukurasa kunatosha. Kopo lisipoondolewa kwa mkono, na njia isipozibwa, watu wataendelea kulitafuta miaka.

Ndani ya magofu, badala ya kopo, ipo aina ya kificho kisicho na chombo. Ilianzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia wa Marekani, na inamtaka mgeni asimame mahali palipopangwa, atazame mwamba au ardhi, ajibu maswali na kutuma majibu. Hafichi, hafukui, haokoti. Hii ndiyo inayoifaa Saza. Dhahabu ya Lupa imo kwenye mishipa ya mwamba mweupe iliyopita ndani ya miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9, na mshipa huo unaweza kuonekana kwenye kipande cha jiwe kilichowekwa juu ya nguzo ya zege kando ya barabara, bila mgeni kukaribia duara. Maswali yawe ya kutazama: upana wa mshipa, rangi ya kutu pembeni yake, na kwa nini rangi hiyo humwambia mchimbaji jambo. Majibu yakaguliwe na mwalimu wa jiografia wa karibu kama yuko tayari. Maelezo yaseme waziwazi kwamba kuokota jiwe na kuondoka nalo ni kosa, kwa sababu kuwa na madini bila kibali ni kosa, na mgeni hajui kwamba kokoto mfukoni mwake inaweza kuhesabiwa.

Kwenye vilima vya marudio kusipangwe kituo kabisa, hata cha maswali. Yamepitia zebaki au sayanaidi, vumbi lake halifai kwa watoto, na mengine yanachenjuliwa upya wakati huu. Huko kuna karasha za kusaga mawe, kuna mwalo wa kuoshea dhahabu, kuna watu kazini. Matundasi na Makongolosi vilevile: ni machimbo hai, na mgeni anayechungulia chini ya mawe atachukuliwa kuwa mwizi wa mwamba. Hatari hiyo ni yake na ni yao pia.

Makopo yaende kwenye vituo vingine. Pale juu, baada ya Kawetire, barabara ikiwa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na bonde la Usangu likifunguka upande wa mashariki, pana nafasi ya kopo moja nje ya hifadhi ya barabara na mbali na ukingo wa mteremko mkali. Maegesho yawe upande wa kutazama, ili mtu asivuke barabara kwenye ukungu wakati malori yanateremka. Chunya mjini hapahitaji kopo: maduka ya zamani yenye baraza yanatosha kwa kificho cha maswali ya kuhesabu nguzo, mchana, kutoka barabarani, mbali na soko la madini, benki na shule. Kati ya Chunya na Saza vituo vingine viwili au vitatu, karibu na ofisi za vijiji, ambako mama ntilie yupo na maji yapo. Kwa maoni yetu njia nzima isizidi vituo nane. Anayetoka Mbeya asubuhi anaweza kuvimaliza kabla ya saa 11 jioni, na baada ya saa hiyo pasiwe na kituo kinachoruhusiwa. Kurudi kwa Galula na Mbalizi kuruhusiwe kwenye maelezo kwa miezi ya kiangazi peke yake.

Kuna jambo la sheria ambalo lingeipa kazi hii uzito. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Saza na mji wa zamani wa Chunya ni vya karne iliyofuata. Havilindwi mpaka Waziri avitangaze. Kimondo cha Mbozi kina uzio na mlinzi. Isimila, kituo cha Zama za Mawe kule Iringa, ina njia, mwongozaji na kiingilio. Magofu ya Lupa yana upepo. Tunaomba halmashauri zote mbili zipeleke pendekezo la kutangaza walau jengo moja Chunya na eneo moja Saza. Tangazo hilo litampa mtendaji wa kijiji nguvu ya kumzuia mwenye sururu, jambo ambalo leo analifanya kwa maneno matupu.

Ukaguzi uwe mara mbili kwa mwaka. Mwisho wa Mei, mvua zikiisha, ili kuona mashimo yaliyofunguka upya. Na mapema Novemba, baada ya moto na kabla ya nyasi, wakati ardhi iko wazi na kila tundu linaonekana. Huo ndio wakati mzuri pia wa kuyapima na kuyachora yote kwenye ramani moja. Kificho kilicholalamikiwa kirekebishwe ndani ya siku 14, la sivyo mtunzaji akitoe, akipige picha kikiwa mkononi, na namba yake ifutwe.

Tuko tayari kukaa na maafisa wenu siku mbili, kuwafundisha upimaji na ubadilishaji wa namba za Arc 1960, na kutembea nao njia yote kutoka Kawetire hadi Saza. Tunaomba hiyo safari ifanyike Novemba hii, kabla nyasi hazijaota.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapima ardhi, waongoza watalii na wachezaji wa jiokashi wa Mbeya na Chunya